Mwenye Mikia Si Ndugu ya Mbu

Kifuniko cha sufuria kilikuwa mezani, kimelazwa chali, na ndani yake mpwa wangu alikuwa amepanga wadudu watatu kwa safu. Jioni ile wingu la wadudu wa Ziwa Victoria lilikuwa limetua kwetu Nyalenda, Kisumu. Tulizima taa za ndani, tukaziba dirisha kwa leso, na bado walipenya wakaelea kwenye chai. Yeye alitoka nje na kifuniko, akawaokota chini ya taa ya veranda.

"Anko, hawa wote ni nzi wa ziwa?"

"Wote," nikamjibu. "Ni ndugu wa mbu, ila hawaumi."

Akanyamaza. Akamsukuma mmoja taratibu kwa njiti ya kiberiti.

"Huyu ana mikia. Na mabawa yake ameyasimamisha. Mbu hasimamishi mabawa hivi."

Nikamwambia akanawe mikono, ugali umeiva.

Nafundisha baiolojia. Miaka 14 nimesimama mbele ya wanafunzi nikiwaambia watazame kabla ya kusema, na siku mtoto wa Gredi ya 5 alipotazama, mimi nilimtuma akanawe mikono. Jibu lile limenikaa kooni kama mfupa wa ngege, wiki ya nane sasa.

Watatu kwenye kifuniko

Usiku huo, alipolala, nilichukua lenzi ya mkono nikakaa na kile kifuniko.

Wa kwanza alikuwa mdogo, rangi ya majani yaliyofifia, pembe za kichwani zimechanua kama manyoya. Dume. Mabawa mawili tu, na nyuma yake, pale ambapo mengine mawili yangekuwa, vifundo viwili vidogo. Ni alama ya nzi na mbu wote: jozi ya nyuma ya mabawa iligeuka kuwa vifundo vya kusawazishia mwili angani. Huyu ni wa ukoo wa kironomidi. Viluwiluwi vyake huishi kwenye tope, na vingi ni vyekundu kwa sababu vina himoglobini kama sisi. Tope lina oksijeni kidogo, na himoglobini huishika ile kidogo iliyopo.

Wa pili nilidhani ni pacha wake. Manyoya yaleyale, vifundo vilevile, udogo uleule. Ilinibidi niegemeze kichwa karibu na balbu ndipo nikaona mishipa ya bawa: mingi, imefika hadi kwenye ncha kwa mpangilio wa bawa la mbu. Huyo ni Chaoborus. Kiluwiluwi chake ni kama kioo. Ukikiweka kwenye glasi ya maji unaona vifuko vya hewa vinne, viwili mbele na viwili nyuma, vikielea peke yao mpaka macho yakubali kwamba kuna mwili unaoviunganisha. Mchana hushuka topeni, usiku hupanda juu kuwinda.

Hapo nusu ya jibu langu ilibaki salama. Chaoborus ni binamu wa mbu kwelikweli, wa karibu sana. Kironomidi yuko mbali kidogo, amekaa upande mmoja na usubi. Basi hata hawa pacha wangu si pacha. Mmoja ni wa nyumba ya mbu, mwingine wa nyumba ya usubi, na nyumba hizo mbili zimejengwa boma moja.

Wa tatu, yule mwenye mikia (Waingereza humwita mayfly), ndiye aliyeninyima usingizi.

Mabawa manne, ya mbele makubwa, ya nyuma madogo. Mikia mirefu kuliko mwili. Mdomo hauna kazi: utu uzima wake ni mfupi mno, na hali chochote. Nilijaribu kumlaza mabawa juu ya mgongo kama walivyolaza wenzake. Hayakukubali. Kiungo cha kukunjia hakipo.

Mtoto alikuwa ameona sawasawa.

Jirani si ndugu

Kosa langu halikuwa la kusahau somo. Nililijua somo. Nilikosea kwa njia ambayo wengi wetu hukosea: niliwaona wanatoka ziwani pamoja, wanakufa chini ya taa moja, wanafagiliwa kwa ufagio mmoja asubuhi, nikasema basi ni watu wa nyumba moja.

Sisi wa Kisumu tunajua kwamba mambo hayaendi hivyo. Ploti moja Manyatta ina vyumba 12 na choo kimoja. Watoto wanacheza pamoja, akina mama wanakopeshana chumvi, lakini siku ya msiba kila jeneza linaelekea kwao: hili Siaya, lile Vihiga, lingine Kisii. Na kijana akileta mchumba, wazee hawaulizi anaishi mtaa gani. Wanauliza ni wa nani, na mama yake alitoka wapi.

Ziwa ni ploti. Ukoo ni kitu kingine.

Wadudu hawakuanzia majini. Ushahidi wanao ndani ya miili yao. Sisi tunasafirisha oksijeni kwa damu, lakini mdudu ana mirija ya hewa, inayogawanyika na kugawanyika hadi imfikie kila kiungo. Ni mfumo wa kiumbe wa nchi kavu. Sasa mpasue mtoto wa kereng'ende, au mtoto wa mwenye mikia, anayekaa majini miezi na miezi. Utakuta mirija ileile. Hata matamvua yake ya kuvutia oksijeni majini yamejaa mirija ya hewa iliyozibwa mlango. Mababu zao walijifunza kupumua hewani, kisha wakarudi majini na mabomba yao ya zamani.

Na hawakurudi mara moja. Kila ukoo ulirudi kwa wakati wake na kwa mlango wake. Mende wa majini walirudi kivyao, kunguni wa majini kivyao, mababu wa mbu kivyao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye mito inayoshuka kutoka milima ya Nandi. Geuza jiwe. Utaona kijinyumba kama kifuko, kimejengwa kwa punje za mchanga au vipande vya majani, na ndani yake kiluwiluwi kimejificha. Gundi ya nyumba ile ni hariri, inatoka mdomoni. Akikomaa huruka akiwa na sura ya nondo, isipokuwa mabawa yake yana vinyweleo badala ya magamba yale yanayobaki vidoleni kama unga. Ndugu zake wa karibu kuliko wote ni nondo na vipepeo. Anaishi mtoni na watoto wa mbu, watoto wa kereng'ende na watoto wa mwenye mikia, na nduguye wa damu yuko juu ya ua la mbaazi.

Mwanya wa bibi

Mwaka 1758 mwanasayansi Linnaeus, kwenye toleo la 10 la orodha yake ya viumbe, aliwaweka kereng'ende, mwenye mikia na huyu mjenga nyumba za mchanga katika kundi moja. Aliangalia mabawa: yote manne, yote ya utando, yote na mishipa kama wavu. Alipanga alichokiona, na simlaumu. Mimi nilipanga kwa kuangalia taa ya veranda.

Aliyenisaidia kuelewa ni Mjerumani aliyezama kwenye nzi maisha yake yote, Willi Hennig. Alianza kuandika kazi yake kubwa mwaka 1945 akiwa mfungwa wa vita mikononi mwa Waingereza, ikachapishwa 1950. Hoja yake nimeijaribu kwa mpwa wangu hivi.

Wewe na mimi tuna vidole vitano kila mkono. Je, hiyo inaonyesha kwamba sisi ni ndugu?

"Hapana. Kila mtu ana vitano."

Na mwanya wa meno ya mbele?

Akacheka, kwa sababu anao. Mimi ninao, mama yake anao, na bibi yetu aliyezikwa Seme alikuwa nao. Bibi alipoolewa ndipo mwanya ulipoingia bomani. Wajukuu wenye mwanya ni wa mstari wake.

Hiyo ndiyo hoja. Vidole vitano ni urithi wa zamani mno, kila mtu amebaki nao, havimtengi mtu na mwingine. Kinachoonyesha udugu ni kitu kipya kilichozuka kwa babu mmoja na kushuka kwa wazao wake. Mabawa manne ya wavu yaliyomshawishi Linnaeus ni vidole vitano. Vifundo vya nzi na mbu ni mwanya.

Lakini mpwa wangu hakuniachia hapo. "Kuna msichana darasani kwetu ana mwanya, na si wa kwetu."

Ni kweli. Alama inaweza kuzuka mara mbili. Nilikaa na swali hilo siku nyingi kuliko yote, kwa sababu ndilo linaloitesa taaluma nzima. Hakuna alama moja inayotosha. Unazikusanya nyingi, unaona wengi wa mashahidi wanaelekea wapi.

Na mashahidi wakikubaliana, wanakupa mengi. Mwaka 1966 Msweidi Lars Brundin alitumia njia ya Hennig kwa kironomidi wa nchi za kusini, akionyesha kwamba udugu wao unafuata mpasuko wa mabara: Afrika, Amerika Kusini, Australia na New Zealand zilikuwa nchi moja, na vijidudu hivi vilipanda humo kabla haijapasuka. Wakati ule wanajiolojia wengi bado walikuwa wanabishana kama mabara husogea. Ukoo uleule unaotuziba taa hapa Kisumu ulikuwa umeshika ushahidi.

Jaduong' wa Dunga

Jumamosi moja nilishuka Dunga na kichupa mfukoni. Mwenye mikia alikuwa ndani, amekauka. Nilimpata mzee mmoja ninayemfahamu, mvuvi wa omena tangu ujana wake, akikarabati mashua kivulini.

"Jaduong', huyu unamjua?"

Akakiinua kichupa kuelekea juani. "Huyu ni wa mwezi, mwalimu."

"Wa mwezi kivipi?"

"Wale wa moshi," akaonyesha ziwani kwa kidevu, kwa maana ya zile nguzo za wadudu zinazopanda juu ya maji kama moto wa mbali, "wale huja wakati wowote, lakini wengi sana huja siku za giza, mwezi usipoonekana, wakati wetu wa omena. Huyu haji siku za giza. Huyu husubiri mwezi ujae. Ukijaa leo, kesho kutwa anatoka."

Nilirudi nyumbani nikahesabu. Jioni ya kifuniko ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu.

Na nilipotafuta maandishi nikakuta kwamba mwaka 1955 R. Hartland-Rowe alichapisha jambo hilohilo kuhusu mdudu huyu wa Ziwa Victoria, Povilla adusta: kilele cha kutoka kwake ni usiku wa pili baada ya mwezi kujaa. Wataalamu wa miaka ileile waliona pia kwamba Chaoborus wa ziwa hili hutoka kwa wingi karibu na mwezi mchanga. Jaduong' hajafungua bawa hata moja chini ya lenzi, lakini kwa mwezi peke yake alikuwa amewatenga wa moshi na wa mikia. Nami nilikuwa na lenzi nikawachanganya.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea habari ambayo yeye hakuwa nayo. Nilimwomba anionyeshe ubao wa mashua iliyozeeka. Alitoa mmoja uliokuwa nusu majini, umetobolewa matundu ya upana wa penseli, mengi kama mzinga. Alipasua kwa panga. Ndani ya tundu moja alikuwemo: mweupe wa maziwa, taya mbili ngumu zimetokeza mbele, na ubavuni matamvua ya manyoya yakipiga mawimbi, jozi baada ya jozi, akisukuma maji yapite kwenye handaki lake.

"Huyu mla mashua namjua," Jaduong' akasema. "Tunamchukia tangu zamani."

"Ndiye mtoto wa yule wa mwezi."

Alimtazama muda mrefu. Kisha akachukua kile kichupa changu, akakiweka kando ya ubao, akalinganisha. Hakusema kitu. Mimi pia sikusema. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa amebeba nusu ya mdudu mmoja kwa miaka mingi.

Kaa wa Nyanza

Watu huniuliza kwa nini nijisumbue na nani ndugu ya nani miongoni mwa vitu vinavyofagiliwa asubuhi. Ninawaambia habari ya Kodera.

Kodera iko kusini mwa Nyanza. Zamani watu wa bonde lile walipofuka macho kwa ugonjwa wa usubi. Aliyewaletea minyoo ya ugonjwa huo alikuwa nzi mdogo anayeitwa Simulium neavei, wa boma lilelile la kironomidi na mbu. Nzi alijulikana, lakini watoto wake hawakuonekana. Viluwiluwi vya ndugu zake wengi hujibandika kwenye mawe na majani ya maji yaendayo kasi. Wataalamu waligeuza mawe, wakang'oa majani, hawakumpata. Mwaka 1946 walitia DDT, dawa ya kuulia wadudu, mtoni Kodera bila kujua watoto wale wamejificha wapi, na nzi wakatoweka. Ilibaki kama fumbo lililojibiwa bila kusomwa.

Mwaka 1950 watafiti van Someren na McMahon wakawapata. Walikuwa wamejishikiza kwenye miili ya kaa wa mtoni.

Waliona na jambo jingine, ambalo mimi hulirudia kila mwaka darasani: viluwiluwi vya Simulium wengine vilikuwa vimepanda juu ya watoto wa wadudu wa jamii ya mwenye mikia, jenasi ya Afronurus. Hebu wafikirie kwenye mto huo. Mtoto wa nzi amebebwa na mtoto wa mdudu mwingine, wote wana matone yaleyale ya maji mwilini, na udugu wao uko mamia ya mamilioni ya miaka nyuma.

Miaka ya 1950 mito mingine ya upande huu wa Kenya ilitibiwa, na nzi yule akaisha nchini. Wapo wazee wanaoona leo kwa sababu mtu alikataa kusema "ni nzi tu".

Ndugu watatu wasioelewana

Nilidhani nikishamweka mwenye mikia mahali pake nitalala. Nikakuta mahali pake hapajulikani.

Wadudu wenye mabawa wako katika mafungu matatu. Kuna mwenye mikia. Kuna kereng'ende. Na kuna wengine wote, wanaoweza kuyakunja mabawa na kuyalaza mgongoni: nzi, nyuki, kombamwiko, nondo, panzi, kumbikumbi. Swali ni yupi kati ya hao watatu alitoka nyumbani kwanza.

Wapo wanaosema mwenye mikia na kereng'ende ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa wote wawili hawawezi kukunja mabawa. Lakini kumbuka bibi: kama mababu wote wa kwanza hawakuweza kukunja, basi kutokukunja ni vidole vitano, si mwanya.

Wapo wanaosema mwenye mikia alitangulia kutoka, peke yake. Hoja yao inashika moyo wangu zaidi. Mdudu huyu hutoka majini akiwa na mabawa, anaruka, anatua, kisha anajivua ngozi tena, mabawa na yote, na kuruka mara ya pili. Hakuna mdudu mwingine aliye hai leo anayejivua akiwa tayari na mabawa ya kurukia. Kereng'ende hafanyi hivyo, wala nzi, wala nyuki. Ikiwa mababu wa kale wote walijivua hivyo, basi kuacha desturi hiyo ni jambo jipya, na walioiacha ni wa mstari mmoja. Ila kuacha ni rahisi kuliko kuanza. Desturi moja inaweza kuachwa na nyumba mbili bila kushauriana.

Na wapo wachache wanaomtoa kereng'ende kwanza.

Mwaka 2014 kundi kubwa la watafiti lililinganisha jeni 1,478 za wadudu wa kila aina. Matokeo yake yalipeleka mwanzo wa mabawa yapata miaka milioni 400 nyuma. Mambo mengi ya ukoo wa wadudu yalitulia. Hili la ndugu watatu liliegemea upande wa mwenye mikia na kereng'ende kuwa pamoja, lakini uzito wa ushahidi ulikuwa mdogo, na mjadala unaendelea.

Kwa nini jeni zote hizo zisitoshe? Nadhani ni kwa sababu walitengana haraka mno, zamani mno. Katika muda ule mfupi kati ya kutoka kwa wa kwanza na kutengana kwa wawili waliobaki, alama chache tu zilipata nafasi ya kuandikika. Kisha miaka milioni mia nne ikapita juu yake, ikifuta.

Mwalimu ndani yangu alitaka jibu la kuandika ubaoni. Wiki mbili nilisoma nikitafuta sentensi itakayomaliza. Mwishoni nilimchorea mpwa wangu mti, nikaacha matawi matatu yamesimama bila kuunganishwa chini. Aliuliza kama penseli imeisha. Nikamwambia hapana, ni hapo ndipo watu walipofika.

Akachukua mchoro akaubandika ukutani juu ya kitanda chake.

Kesho kutwa yake

Mwezi ulijaa tena. Kesho kutwa yake tulishuka Dunga, yeye, mimi na Jaduong', tukatundika shuka jeupe kati ya mashua mbili na kuwasha taa ya omena nyuma yake. Jua lilikuwa limezama, mwezi bado haujachomoza. Walianza mbu, kisha wa moshi wachache.

Saa moja na nusu wakaja wenye mikia. Walikuja kwa pamoja, kutoka kwenye mafunjo na kwenye mbao, wakipiga shuka kama matone ya mvua ya kwanza. Jaduong' alikuwa anatabasamu kwenye giza, nilisikia kwa sauti yake. Mpwa wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya shuka, uso karibu uguse kitambaa.

"Anko, njoo haraka. Huyu anatoka ndani ya mwenyewe."

Mgongo ulikuwa umepasuka. Alijivuta taratibu, miguu, kisha mabawa yakachomoka ndani ya mabawa, mikia ikaja mwisho, mirefu kuliko ile ya mwanzo. Alikaa sekunde chache, akaruka.

Kwenye shuka lilibaki ganda, jepesi kama pumzi, likiwa bado limeshikilia kitambaa kwa kucha zake. Mpwa wangu alilichomoa kwa ncha ya njiti, akalilaza ndani ya kiberiti kitupu, akakifunga. Njia nzima ya kurudi Nyalenda alikishika kwa mikono miwili.